Siku tisa nyuma ya bata bukini

Siku ya 1: Altenberg

Mvua ya rasharasha, na mto Danube umejaa maji ya rangi ya udongo. Nimeshuka treni ya vijijini kutoka Vienna na kutembea hadi ukingoni, nikiwa na swali lililonifanya nifunge begi: ndege anayeweza kuvuka bara kwa mabawa yake alifikaje nyuma ya uzio wa mkulima, akatulia, akanona mpaka kuruka kukamshinda?

Nimeanzia hapa kwa sababu ya Konrad Lorenz, Mwaustria aliyechunguza tabia za wanyama. Katika kijiji hiki, miaka ya 1930, alilea bata bukini wa kijivu, Anser anser kwa jina la kisayansi. Hao ndio mababu wa mwituni wa bata bukini wanaofugwa Ulaya. Kifaranga wake aliyejulikana kuliko wote, Martina, alianguliwa mbele ya macho yake. Lorenz alikusudia kumkabidhi kwa bata bukini mweupe wa kufugwa ili amlee. Akamsukumiza chini ya mbawa za mama huyo wa kambo, akageuka aende zake. Kifaranga akachomoka na kumkimbilia akilia. Akarudishwa, akatoka tena, akijikwaa na kuinuka, mpaka bwana yule akakubali kwamba yeye ndiye mama.

Oskar Heinroth wa Ujerumani alikuwa ameliona jambo hilohilo kabla yake: kifaranga aliyetoka kwenye yai humshika yule anayemwona kwanza, na baada ya hapo ni vigumu kumbadilishia. Lorenz alilichunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1973 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Niko Tinbergen.

Nimesimama kwenye ukingo huo na kumfikiria mtu asiye na jina, maelfu ya miaka iliyopita, aliyechukua mayai ya kiota cha pori na kuyaweka mahali penye joto. Hakuhitaji kamba wala tundu. Kilichotoka ndani ya yai kilimfuata kwa miguu yake chenyewe.

Siku ya 2: Illmitz, Ziwa Neusiedl

Nimeamka saa kumi alfajiri ili nifike kwenye matete kabla jua halijatoka. Ziwa hili la mashariki mwa Austria ni la ajabu: ni kubwa, lakini mahali pengi mtu mzima angeweza kusimama kichwa kikiwa nje ya maji. Ukanda wa matete unaolizunguka ni mpana kiasi kwamba pengine huoni maji kabisa. Eneo hili limekuwa hifadhi ya taifa tangu 1993.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Sauti yao ni ileile ya uani, ila huku inatoka juu na inasafiri. Kisha ukungu ukapanda kidogo nikaona familia ya kwanza kwenye nyasi fupi: mama mbele, vifaranga sita katikati, baba nyuma. Vifaranga walikuwa wamefikisha kama wiki nne, shingo zimeanza kurefuka, manyoya laini ya utotoni yanawatoka kwa viraka. Walikuwa wakila nyasi wenyewe. Wazazi hawakuwatia hata punje mdomoni. Kazi yao ilikuwa kuwaongoza, kuwafunika usiku na kukaa macho. Kila nilipohesabu, baba alikuwa ameinua shingo wima na jicho moja likinielekea.

Nilidhani ningeona ndege wa kijivu tu, wa kawaida. Kumbe kwenye mwanga wa asubuhi ubavu wake una mistari myembamba kama kitambaa kilichofumwa, na sehemu ya mbele ya bawa ni ya fedha iliyofifia. Wengi wa hapa wana midomo ya waridi. Huo ni mkondo wa mashariki wa spishi hii. Wale wa magharibi mwa Ulaya wana midomo ya machungwa.

Kwenye tope nimeokota unyoya mrefu wa bawa, kisha mwingine, kisha nikaacha kuhesabu. Ni majira yao ya kupukutisha. Ndege wengi hubadilisha manyoya ya kurukia mmojammoja, lakini bata bukini huyaangusha yote kwa mpigo, na kwa takriban mwezi mzima hawezi kuruka hata akitaka. Anayo miguu na maji tu. Wazazi huingia katika hali hiyo watoto wao wakiwa bado hawajaota mabawa, hivyo familia nzima inabaki ardhini pamoja. Katika nchi za kaskazini ya mbali watu walilijua hilo tangu zamani, wakawa wanawaswaga kwa miguu kama kondoo hadi ndani ya nyavu.

Nimekaa na unyoya huo mkononi kwa muda mrefu. Jana nilikuwa na kifaranga anayefuata. Leo nimepata mzazi ambaye kila kiangazi hugeuka mnyama wa miguu. Sijui mnyama mwingine wa mwituni anayemrahisishia mfugaji kiasi hiki kwa maumbile yake yenyewe.

Siku ya 3: Apetlon

Kijiji cha jirani. Nimepita kwa baiskeli, nikasimama kwenye ua mmoja wenye bata bukini weupe wa kufugwa. Mwenye ua, mzee wa makamo mwenye buti za mpira, aliona darubini shingoni mwangu akacheka na kunionyesha angani: wa kutazamwa kwa darubini wako kule. Nikamwambia nimekuja kuwaona hawa wake. Akafungua lango.

Tofauti inaonekana toka mbali. Ndege wa jana mwili wake umelala sambamba na ardhi, uzito kilo tatu au nne. Wa leo kifua kimeinuka, sehemu ya nyuma imeshuka, na mkunjo wa ngozi ya tumbo unakaribia kugusa nyasi. Aina kubwa za kufugwa, kama Toulouse na Embden, dume hufika kilo tisa na kuzidi. Mabawa hayakukua kwa kiasi hichohicho. Mzee alipowaswaga kidogo walikimbia wakipiga mabawa, hewa ikavuma, vidole vikanyanyuka sentimita chache, basi.

Mabadiliko mengine hayaonekani kwa macho. Jike wa mwituni hutaga mayai manne hadi sita, mara moja kwa mwaka, na kwa kawaida husubiri karibu miaka mitatu kabla ya kuanza. Wa kufugwa huanza mapema, na wengi hutaga zaidi ya mayai 30 kwa msimu mayai yakiondolewa. Dume wa mwituni ana mke mmoja, mara nyingi mpaka kifo. Dume wa uani hupewa majike watatu au wanne, naye hukubali. Hili la mwisho ndilo limenigusa zaidi, kwa sababu hapo binadamu hakubadilisha nyama na mayai peke yake. Amefika hadi kwenye ndoa ya ndege.

Lakini angalia yaliyobaki. Dume alinijia shingo ikiwa imenyooshwa chini, akifoka, kisha akarudi kwa wenzake kwa kelele za ushindi na wote wakamwitikia. Jana, kwenye nyasi za ziwani, dume wa mwituni alimfanyia jirani yake vivyo hivyo. Jike anayeatamia, awe wa pori au wa ua, yai likitoka kiotani hulirudisha kwa kulivuta na upande wa chini wa mdomo. Lorenz na Tinbergen walichapisha uchunguzi wa tendo hilo mwaka 1938: yai likiondolewa katikati ya safari, ndege huendelea kuvuta hewa mpaka amalize.

Saa kumi jioni kundi la mwituni lilipita juu ya ua likiita. Weupe wote waliinua vichwa, kila mmoja akalaza kichwa upande ili jicho lielekee juu. Wawili wakaitikia. Mzee akanyamaza, nami nikanyamaza.

Siku ya 4: Njiani

Treni kuelekea magharibi hadi Wels, kisha treni ndogo ya bonde la mto Alm. Milima, mvua, usingizi.

Siku ya 5: Grünau

Mwaka 1973 Lorenz alihamishia katika bonde hili kundi la bata bukini wa kijivu aliowalea kutoka Seewiesen, Ujerumani. Uzao wao bado upo. Wanaruka wanavyotaka, wanalala ziwani Almsee, na watafiti wanawatambua kwa pete za rangi miguuni. Wako katikati ya ndege wa Illmitz na wale wa Apetlon: damu ya mwituni, lakini binadamu si adui. Mmoja alipita hatua tatu kutoka kwenye kiatu changu bila kuacha kula.

Utafiti mmoja wa hapa umenifanya niwaheshimu ndege hawa zaidi. Baadhi yao waliwekewa vifaa vidogo mwilini vinavyopima mapigo ya moyo. Ilionekana kwamba ndege aliyesimama tu pembeni akitazama ugomvi, moyo wake huenda mbio zaidi ikiwa anayegombana ni mwenzi wake au ndugu yake. Kwa hiyo lile kundi linalopiga makelele uani lina watu wake, kwa maana ya kwamba kila ndege anajua nani ni wa kwake. Mfugaji anayetenganisha jozi kwa ajili ya soko anakata kitu halisi.

Jambo jingine la kusemwa hapa, na sitalifunika. Lorenz alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1938. Mwaka 1940 aliandika kuhusu wanyama wa kufugwa, bata bukini wakiwamo, kwamba ufugaji umeharibu silika zao, kisha akahamisha hoja hiyo kwa wanadamu ili kuunga mkono siasa za usafi wa kizazi. Chuo Kikuu cha Salzburg kilimvua shahada ya heshima mwaka 2015, miaka 26 baada ya kifo chake. Nimewatazama weupe wa Apetlon na wa kijivu wa hapa kwa macho yangu. Anayemwita yule wa uani kiumbe kilichooza hajamwona akilinda watoto. Amebadilika, ndiyo. Kubadilika kwake ni historia ya watu wawili waliokaa nyumba moja, na historia hiyo haikustahili kufanywa fimbo ya kuchapia binadamu.

Siku ya 6: Treni ya usiku, kisha Roma

Sikulala. Nimesoma habari za Tianluoshan mpaka taa za behewa zikazimwa, na kwa maoni yangu ndiyo habari kubwa kuliko zote katika jambo hili.

Tianluoshan ni kijiji cha kale cha wakulima wa mpunga, katika mkoa wa Zhejiang nchini China, karibu na eneo la chini la mto Yangtze. Mwaka 2022 Masaki Eda wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na wenzake walitangaza walichokipata katika mifupa 232 ya bata bukini iliyofukuliwa hapo. Umri wake ni takriban miaka 7,000. Mifupa minne ilikuwa ya ndege wachanga, chini ya wiki 16. Fikiria maana yake. Bata bukini wa mwituni hufika eneo lile kukaa wakati wa baridi tu. Viota vyao viko mbali sana kaskazini, na kifaranga wa umri ule asingeweza kuwa amekwisha kufika kusini kwa mabawa yake. Basi alianguliwa hapohapo kijijini. Vipimo vya kemikali ya mifupa vikaongeza kwamba baadhi ya wakubwa nao walikuwa wazaliwa wa pale. Kwa ushahidi huo, ndege wa kwanza kufugwa na binadamu huenda si kuku.

Mifupa minne ya watoto! Nimefunga karatasi na kuangalia giza dirishani. Kifaranga tena.

Wengi wa bata bukini wanaofugwa China leo wametokana na spishi nyingine, Anser cygnoides, jina lenye maana ya anayefanana na batamaji, yule ndege mweupe wa shingo ndefu. Mwituni huzaliana Mongolia, kaskazini-mashariki mwa China na pande za Urusi za huko, na idadi yake imepungua sana. Ndiye mzazi wa wale wenye nundu juu ya mdomo, ingawa yeye mwenyewe hana nundu, ana mstari mwembamba mweupe tu. Katika uzao huo mna aina kubwa ambayo Wazungu huiita ya Afrika, na haikutoka Afrika. Nasi tuna la kwetu: Bukini ni jina la kale la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska, kwa hiyo kila tukisema bata bukini tunataja kisiwa ambacho si asili ya yeyote kati ya spishi hizi mbili. Zikikutanishwa, huzaa watoto wenye uwezo wa kuzaa, na damu zao zimechanganyika sana katika mifugo ya Ulaya.

Roma nimeipitia kwa saa chache. Nimepanda kilima cha Capitolino, ambako mwaka 390 KK, kama Livy, mwanahistoria wa Roma ya kale, anavyosimulia, Wagalia walipanda usiku, mbwa wakanyamaza, bata bukini wa mungu Juno wakapiga kelele na Marcus Manlius akaamka. Njaa ilikuwa kali mle ndani ya mazingirwa, lakini ndege hao hawakuliwa kwa kuwa walikuwa watakatifu. Iwe ilitokea hivyo au la, aliyeitunga aliwajua bata bukini. Ni lile jicho la baba kule Illmitz.

Siku ya 7: Cairo

Makumbusho ya Misri, Tahrir. Nimekwenda moja kwa moja kwenye mchoro wa bata bukini wa Meidum, uliotolewa katika kaburi la mwana wa mfalme Nefermaat na mkewe Itet, kama miaka 4,600 iliyopita. Ni utepe mrefu mwembamba. Ndege sita: jozi mbili katikati zimepeana mgongo, na kila mwisho mmoja ameinama akila nyasi. Mkono uliochora unyoya mmojammoja ulikuwa wa mtu aliyekaa nao.

Kuna ubishi juu yake. Wawili kati yao wanafanana na bata bukini wa kifua chekundu, ambaye huzaliana Siberia, na mifupa yake haijawahi kupatikana Misri. Mwaka 2015 Mwitaliano Francesco Tiradritti alidai mchoro wote ni wa kughushi wa karne ya 19, na wataalamu wa Misri wakampinga. Mwaka 2021 Anthony Romilio wa Australia akasema hao ni ndege wa aina iliyokwisha kutoweka. Mimi nimetazama yule wa kulia aliyeinamisha shingo. Anakula kama wa Illmitz walivyokula, kwa kubana na kuvuta pembeni.

Siku ya 8: Saqqara

Kaburi la Ti, ofisa wa Misri ya kale, enzi ya nasaba ya tano ya wafalme. Ukutani watumishi wanakanda tonge za unga na kuzishindilia kooni mwa ndege waliowashika shingo. Karibu na bata bukini wako korongo, nao wanashindiliwa vilevile. Katika kaburi la ofisa mwingine, Kagemni, fisi wamelazwa chali wanalishwa.

Nilikaa chini mbele ya ukuta huo mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nafikiria korongo. Wamisri waliwatega kwa nyavu kubwa mabwawani, wakawajaza uani, wakawanenepesha. Korongo na fisi walikaa katika nyumba hizo za mabwana kama bata bukini walivyokaa, lakini hakuna nasaba ya korongo wa kufugwa duniani leo. Kufungia si kufuga. Korongo hutaga mayai mawili, na watoto wake hulishwa kwa mdomo na wazazi siku za kwanza. Bata bukini hutaga mengi zaidi, mtoto hujilisha nyasi tangu mwanzo, huishi kwa kundi, na humfuata aliyemwona kwanza.

Kwa hiyo michoro ya Ti peke yake haithibitishi ufugaji, huenda ni ndege wa pori wanaosubiri kuchinjwa. Uthibitisho ulio wazi unakuja zaidi ya miaka elfu moja baadaye, katika michoro ya kaburi la Nebamun, ofisa wa mji wa kale wa Thebes, ya karibu mwaka 1350 KK, iliyoko London sasa. Kundi zima linahesabiwa mbele ya bwana, na miguuni mwa wakubwa mna vifaranga.

Siku ya 9: Meidum

Piramidi iliyoporomoka imesimama kama mnara juu ya kifusi chake. Kaburi la Nefermaat liko upande wa kaskazini, mahali ule utepe ulipotolewa mwaka 1871. Hapa jangwa na shamba hazina mpaka wa taratibu. Unapiga hatua moja kutoka mchangani na mguu unatua kwenye berseem, majani ya mifugo.

Nilishuka huko. Kando ya mfereji palikuwa na bata bukini kumi na wanne, wa kijivu na weupe wamechanganyika, na kijana wa miaka kama tisa mwenye fimbo ya tete. Dereva wangu alimwuliza kwa Kiarabu ni wa nani. Wa bibi, akasema. Akatuambia wanne wadogo ni wake mwenyewe: jike lilikataa kuwaatamia mpaka mwisho, bibi akayamalizia mayai ndani ya nyumba kwenye kikapu.

Aliweka fimbo chini akatembea kando ya mfereji bila kuwaita. Wanne wale wakaacha majani, wakajipanga nyuma yake, mdogo wao akiwa nyuma kabisa akikimbia na kulia, mabawa yake yasiyo na manyoya yamenyanyuliwa. Kijana akafika kwenye daraja la magogo, akageuka, akasubiri yule wa nne avuke.